Nahodha wa Kituo Kijacho

Hapo zamani, si ile zamani ya sungura na fisi kusemezana, bali zamani ya juzi tu, ya karatasi kuadimika na sabuni kupangiwa foleni, palikuwa na mwanamke mjini Tabora aitwaye Milembe. Jina hilo kwa lugha ya kwao ni utulivu. Aliyempa hakungoja akue amwone.

Milembe alikuwa mpiga chapa wa ofisi ya vifurushi pale stesheni. Hakuna chuo kilichomfundisha. Alimtazama karani aliyemtangulia, akajaribu kwa vidole viwili, kisha vinne, kisha vyote, mpaka karani mwenyewe akawa anampelekea barua zake. Hasira zake zilikuwa moto wa mabua: zikiwaka utakimbia, zikizimika hutakuta kaa. Lakini neno ambalo hakuweza kukuambia usoni hakulisema mgongoni kwako, na hilo hata waliomwogopa walimkubalia.

Siku moja alipeleka redio ya ofisi kwa fundi mmoja wa sokoni, Mihayo. Akamkuta fundi amezungukwa na redio za watu, zote matumbo wazi, na moja inaeleza habari za wanadamu waliokwenda mwezini. Mihayo hakuinua macho. Akasema, "Mwezini wamefika. Sasa kituo kijacho kipi?"

Milembe ni mtu wa reli. Swali la kituo kijacho alikuwa akiulizwa kila siku na abiria wenye mabegi na kuku, lakini la namna hii hakuwahi kuulizwa. Akakaa juu ya kreti la soda. Alipoinuka, wawili hao walikuwa wamekubaliana kutoa gazeti, na jina limeshapatikana. *Kituo Kijacho.* Gazeti la hadithi za safari za angani na za mambo ambayo bado hayajawa.

Mashine ya kurudufu waliipata shuleni, imetupwa nyuma ya stoo, rola lake limeliwa na panya. Mihayo akalivika mpira wa ndani wa baiskeli, likazunguka. Karatasi ndizo zilizokuwa shida. Milembe akamwendea mkuu wa stesheni, akamwomba mbele ya watu wote zile fomu kuukuu za shehena zilizongoja kuchomwa moto, kwa kuwa upande mmoja ulikuwa mweupe. Akapewa. Basi msomaji wa Kituo Kijacho alisoma upande huu habari za nyota, akigeuza anakutana na magunia ya karanga ya mwaka juzi. Wako waliosema karanga zile ni sehemu ya hadithi, na ukiwabishia wanakuonyesha kwa nini.

Wa kulisafirisha alikuwa Feruzi, gadi wa treni ya Kigoma, Mmanyema wa Ujiji, mtu wa bendera ya kijani na mdomo usio na breki. Treni ikiondoka Tabora, yeye yuko na bunda lake kwenye behewa la gadi. Urambo nakala moja, Kaliua nakala moja, Nguruka moja, Malagarasi moja, hivyo hivyo mpaka ziwani. Nakala moja kituo kizima. Watu walisoma kwa zamu, na walioshindwa kusoma walisomewa.

Sasa shikeni desturi za gazeti hili, maana kesi yote imo humo.

Desturi ya kwanza: kila ukurasa uliachwa ukingo mpana, mtupu, na kila aliyesoma aliandika humo neno lake kabla ya kupitisha. Sifa, tusi, swali, salamu, chochote. Feruzi alikuwa akiwatangazia kutoka dirishani, "Gazeti halirudi Tabora na ukingo mweupe." Nakala zikirudi, Milembe na Mihayo walikaa wakisoma kingo zile kama watu wanaopokea wageni.

Desturi ya pili: mbele ya gazeti lilikaa jina moja tu, la nahodha wa toleo. Chombo hakina manahodha wawili, ndivyo walivyosema. Na nahodha ndiye aliyeamua hadithi kubwa ielekee wapi. Tangu toleo la kwanza jina lile lilikuwa Mihayo, kwa sababu hadithi kubwa ilikuwa yake. Jina la Milembe halikuwahi kukaa mbele. Alisema hajali. Hapo, mwanamke asiyesema uongo alikuwa anakaribia kuusema.

Desturi ya tatu ilitokana na stensili. Stensili ni ile karatasi ya nta, unaipiga taipu, herufi zinaitoboa, wino unapita kwenye matundu. Ukishatoboa kosa, umetoboa. Kwa hiyo kabla ya kugusa stensili, Milembe alipiga nakala moja ya kawaida, akaishona uzi mwekundu pembeni, akaituma Malagarasi kwa nesi Skolastika wa zahanati, aliyekuwa na jicho la makosa kuliko wote. Nesi Skola alisahihisha ukingoni, akairudisha. Kwenye nakala ya uzi mwekundu, ukingo haukuwa maoni. Ukingo ulikuwa amri. Milembe alipiga kilichoandikwa bila kuuliza.

Haya. Hadithi kubwa ya Mihayo ilihusu chombo kiitwacho Igombe, kilichobeba watu kutoka dunia iliyokauka kwenda kutafuta nyota yenye maji. Toleo baada ya toleo Igombe alikwenda. Wavuvi wa ziwani walibishana juu ya usukani wake. Kaliua walimchukia mpishi wa chombo, wakaandika ukingoni kwamba akamatwe. Mstari mzima wa reli ulikuwa ndani ya chombo kile.

Kisha ukaja mwaka ambao Mihayo alinyamaza. Alikuja ofisini na kurasa za mwisho, akaziweka mezani, akasema anakwenda Mpanda kutengeneza redio na hajui atarudi lini, akaondoka. Milembe akasoma. Igombe amefika. Nyota ni majivu. Hakuna maji, hakuna kurudi. "Taa ikazimika," aliandika Mihayo. "Kisha nyingine. Kisha hapakuwa na wa kuhesabu."

Milembe alisimama, akaupiga mlango wa ofisi teke mpaka mkuu wa stesheni akachungulia. Alimtukana Mihayo hayupo, kisha akakumbuka kwamba hayupo, akayakata matusi katikati. Wenzake wakamwambia abadili tu, nani atajua. Akawajibu kwamba hadithi si yake, na mali ya mtu haibadilishwi kwa kuwa mwenyewe kasafiri. Akaipiga kama ilivyo, akashona uzi, akampa Feruzi.

Na Feruzi? Feruzi yuko njiani, treni imepita Usoke, anasikia mkaguzi wa reli atapanda Urambo. Anajitazama: kifungo cha koti kinaning'inia. Mkaguzi yule alikuwa mtu wa vifungo. Feruzi akatafuta uzi behewani, hakuna. Akatazama nakala. Akauvuta uzi mwekundu, akashona kifungo, mkaguzi akapita, akaridhika. Alipofika Malagarasi akakabidhi nakala mkono kwa mkono, bila uzi, na kwa kuwa nesi alikuwa na foleni, hakumwambia kitu. Feruzi, ambaye humwambia kila mtu kila kitu, siku hiyo moja alisahau kusema.

Nesi Skola akaitazama nakala. Haina uzi. Nyakati zile stensili zilikuwa zikikosekana, na mara nyingine Milembe alitoa gazeti zima kwa taipu na karatasi za kaboni, kwa hiyo hakuona ajabu. Akadhani toleo limekwisha kutoka, safari hii bila kupitia kwake. Akawasomea akina mama waliongoja kliniki kwenye benchi, kama alivyowasomea siku zote. Alipofika kwenye taa ya mwisho, benchi zima lilimgeukia. Mmoja, siku zake za kujifungua zimekaribia, akauliza kama ndani ya chombo hapakuwa na mja mzito hata mmoja. Watu wote wale, safari yote ile. Fundi redio kawasahau?

Nesi akaitazama mimba ile. Hasira ikampanda, akachukua kalamu, akaupiga mstari mwisho wa Mihayo, na kwa kuwa aliamini ni nakala ya kusomwa, yenye ukingo wa kusemea chochote, akaujaza ukingo juu mpaka chini. Aliandika kwamba kabla ya taa ya mwisho mwanamke mmoja alishikwa na uchungu, na kwa kuwa mkunga hazalishi gizani, kila mtu akaleta taa yake chumba kimoja. Akazaliwa mtoto wa kike. Wakamwita Tufike. Wazee wakamlilia kwa dunia aliyoikosa. Alipoanza kusema, akawauliza, "Hiyo dunia yenu, nayo ilikuwa inakwenda mahali, au ilikaa tu?"

Nakala ikarudi Tabora. Milembe akapokea, uzi haupo, lakini alijua alichotuma. Akaweka stensili kwenye mashine, akapiga. Vidole vyake vilikuwa vimezoea kutii ukingo ule. Aliuruka mwisho uliokatwa, akapiga uchungu, akapiga taa, akafika kwenye jina la mtoto. Hapo vidole vikasimama. Hili si sahihisho. Hata asiyejua kusoma angejua.

Mihayo yuko Mpanda. Stensili aliyokuwa nayo mashineni ni ya mwisho, na nyingine hazikuonekana mjini. Treni ya Kigoma inapangwa, na mstari mzima unangoja kujua Igombe amefikaje. Angeweza kuitupa stensili, gazeti lisitoke, pengine lisitoke tena. Angeweza kuendelea. Alikaa mikono juu ya herufi mpaka mtu wa vifurushi akamwuliza kama anaumwa.

Akaendelea.

Mihayo aliporudi, Milembe alikuwa ukumbini mwa stesheni akimngoja. Hakumpa hata salamu. Alimwambia, "Mwisho wako sikuuchapa. Nimechapa wa nesi. Nilianza kwa kukosea, nikamaliza kwa kujua." Mihayo akaweka begi chini, akamtazama, akaliinua, akaenda zake. Kibanda chake cha redio kilibaki wazi, lakini Milembe hakukanyaga, na toleo jingine la Kituo Kijacho halikutoka.

Kumbe nakala za toleo lile ziko njiani. Feruzi alizirejesha moja moja, na kingo zake hazikuwa na nafasi ya kuweka kucha. Watu wa Usinge walitaka kujua nani anamnyonyesha mtoto, mama ana maziwa au hana. Kaliua walimsamehe mpishi, kwa kuwa alileta taa yake. Uvinza kuna watu watatu walioandika jibu la swali la mtoto, majibu hayafanani, wakatukanana ukingoni kwa adabu. Na huko kliniki Malagarasi, yule mama wa benchi alijifungua msichana, akamwita Tufike. Urambo nao wakawa na Tufike wao.

Habari zikafika Dodoma, kwa watu wa kilabu kimoja cha wapenzi wa hadithi za namna hii, waliokuwa wakisoma vigazeti vya mikono kutoka kila pembe. Kila mwaka walitoa nyota iliyochongwa kwa mti wa mninga kwa hadithi iliyowashinda kulala. Mwaka ule wakaipa Igombe. Wakamkabidhi Feruzi, siku hizo amepangiwa safari ya huko, aipeleke Tabora, uso wa nyota mtupu, wakisema wenyewe wachonge jina la mwenye hadithi. Jina moja. Nao Tabora wakaona, sawasawa, ndiyo desturi yetu: atakayechongwa jina ndiye nahodha wa toleo lijalo, na nahodha ndiye ataamua Igombe aende wapi.

Basi wakakutana ofisi ya vifurushi, mchana, treni ya Kigoma ikiwa inapakia. Nesi Skola alikuja na kapu la migebuka, samaki wa ziwani, waliokaushwa. Mihayo alikuja kwa kuwa Feruzi alimfuata kibandani, akazima redio zake zote, akamwambia atazizima kila siku mpaka aje. Nyota ikawekwa mezani katikati ya vifurushi. Fundi wa kuchonga akaketi mlangoni na patasi, akisema yeye hana haraka, ila ana mteja wa kitanda.

Feruzi akaanza kwa kumtania nesi kwamba watu wa Malagarasi hata wakipewa gazeti wanalizalisha. Nesi, ambaye habari za uzi Feruzi mwenyewe alikuwa amekwisha kumweleza, akamjibu kwamba afadhali kuzalisha kuliko kuvua uzi wa gazeti ukauvaa kifuani. Wote wakatazama kifungo. Kilikuwa bado hapo, na uzi wake mwekundu. Feruzi akakifunika kwa kiganja.

Mihayo ndiye aliyesema kwanza. Alisema Igombe alipaa kwa mkono wake. Watu wale ndani, mpishi yule, usukani ule, njaa ile, vyote kwa mkono wake, miaka yote, usiku na mchana wa kichwa chake. Mtu akijenga nyumba, mwingine akaja akapaka chokaa mlango, nyumba inakuwa ya mpaka chokaa?

Milembe akamkatiza. Nyumba aliibomoa mwenyewe, akaenda Mpanda.

Mihayo akasugua meza kwa kidole gumba. Kisha akasema, "Mama yangu alifariki mwaka ule. Wakati wote tulikuwa tunamwambia utapona, utapona. Nilichoka na uongo huo. Nilitaka kuandika safari moja isiyofika, niiandike bila kumdanganya mtu. Nanyi mkaja mkaitia mtoto."

Milembe hakujua habari za mama yake. Kumbe alikuwa amekaa naye miaka yote ile wakisoma kingo za watu, ukingo wake hakuusoma. Hasira yote aliyokuwa ameiandaa ikakosa pa kwenda.

Nesi Skola akavuta kiti. Akasema yeye hakuja kudai, ila hatakana kilicho chake. Mtoto alizaliwa kwa mkono wake. Watu Kaliua na Uvinza hawakulilia majivu, walimpigania mtoto. "Pole sana kwa mama, kaka Mihayo," akasema. "Wangu mimi wanakufa pale zahanati, nawafunika mwenyewe kwa shuka. Lakini yule aliyeniuliza alikuwa na mimba. Ningemwambia nini? Akazime taa?" Kisha akaongeza, taratibu, kwamba kama angeuona uzi mwekundu asingethubutu kugusa hata koma. Na hilo nalo alitaka lihesabiwe, limsaidie au limponze.

Mchongaji aliuliza kama aandike Skolastika lote au Skola, maana nyota si kubwa. Akaambiwa angoje.

Feruzi akajipiga kifua, kifungo kikaonekana tena. Alisema wanasahau jambo. Kama asingeuvuta uzi, nesi asingeandika. Asingeandika, mtoto asingezaliwa. Asingezaliwa, nyota hii isingetoka Dodoma. Yeye ndiye baba wa mtoto. Wakacheka, hata Mihayo alicheka kwa pua. Lakini Feruzi hakucheka. Akasema tangu toleo la kwanza yeye ndiye aliyelibeba, masika na kiangazi, na siku reli ilipokatwa na mafuriko alilibeba kichwani akavuka maji ya kifuani. Gazeti lisilofika ni karatasi za karanga.

Akabaki Milembe.

Alikuwa ameitazama nyota ile tangu ilipotolewa kwenye gunia. Alisema, "Mimi naitaka. Nisizunguke. Miaka yote nimekata stensili za majina ya wengine, naitaka." Kisha akaeleza. Mihayo aliandika bila kujua mtoto atakuja. Nesi aliandika bila kujua litachapwa. Feruzi alivuta uzi bila kujua lolote, kama kawaida yake. Katika wote waliomo humu, mmoja tu aliyajua yote, mwisho wa majivu, mwisho wa mtoto, na kwamba atakachopiga kitasomwa mstari mzima, akakaa mikono juu ya herufi, akachagua. Kama ni kosa, ni lake peke yake, hakuna wa kumsaidia kulibeba. Kama ni sifa, basi vilevile.

"Ulichagua kwa mali yangu," Mihayo akasema.

"Ndiyo," akasema Milembe. "Na nikaja kukwambia kabla hujatua begi."

Nje kengele ya kwanza ya treni ikalia. Feruzi akachukua bendera, hakuondoka. Mchongaji akaijaribu patasi kwenye kucha.

Ndipo Mihayo, macho yake yako kwenye nyota, akamwuliza nesi kwa sauti ya mtu anayeuliza bei, "Huyo Tufike, akishakua, nani anamfundisha kusoma humo ndani? Mwalimu wao nilimwua toleo la nne."

Nesi akasema mpishi anajua kusoma. Mihayo akasema mpishi hajui, yeye ndiye aliyemwumba, anamjua. Nesi akasema basi mpishi na mtoto watajifunza pamoja. Mihayo akavuta fomu moja ya karanga, akaigeuza upande mweupe.

Milembe hakungoja. Akaweka karatasi kwenye mashine, akaisukuma pambizo mbali kuliko siku zote, ukingo ukawa karibu nusu ya ukurasa. Juu akapiga *Kituo Kijacho*. Chini yake, mahali pa nahodha, akaacha wazi. Mchongaji akaambiwa akamalizie kitanda cha mteja wake. Nakala zikaandikwa swali moja, nani achongwe, zikapanda treni kwa Feruzi, safari hii zimeshonwa kwa uzi mweusi alioununua mwenyewe.

Zilirudi zimejaa. Urambo walisema Mihayo, aliyetoa uhai ndiye mwenye uhai. Malagarasi walisema nesi, na hawakutaka mjadala. Wavuvi wa ziwani walimtaja gadi, watu wa vyombo wanajua thamani ya mbebaji. Kaliua, hao hao waliotaka mpishi akamatwe, waliandika kwamba mwenye kuchagua kwa kujua ndiye nahodha, hata akichagua vibaya. Igombe anaendelea kwenda, Tufike anajifunza herufi, na nyota ya mninga ipo ofisi ya vifurushi juu ya kabati, uso mtupu.

Nanyi mlionisikiliza, msininyamazie. Aliyekipaisha chombo akakizima kwa sababu yake. Aliyezalisha mtoto katika nyumba ya mwingine bila kujua. Aliyevuta uzi, akabeba mafuriko. Na aliyejua yote akachapa. Je, nani alistahili kuchongwa? Ukingo ndio huo. Gazeti halirudi Tabora na ukingo mweupe.